Kufungua gari la haibridi bila kunaswa: mwongozo kwa mafundi wa Mbeya, Iringa na nyanda za juu kusini

Gari la haibridi, yaani lenye injini na mota ya umeme pamoja, likizimwa huwa kimya kama gari lingine lolote lililoegeshwa. Taa za dashibodi zimezimika, feni imesimama, ufunguo uko mfukoni. Lakini ndani ya boksi la betri kubwa volti ziko palepale, na zitaendelea kuwapo hata betri ikitolewa garini na kuwekwa juu ya meza. Unapozima gari, kinachofanyika ni rilei kubwa kufunguka na kutenganisha betri na nyaya za rangi ya chungwa. Rilei nazo huganda. Ndiyo maana fundi wa magari haya haamini ufunguo, haamini rilei, wala haamini plagi iliyochomolewa. Anaamini mita ya kupimia volti, na hiyo mita nayo anaipima kwanza.

Mwongozo huu ni kwa fundi anayejua injini na umeme wa volti 12, ambaye sasa anapokea Prius, Aqua, Harrier haibridi au Leaf. Kitabu cha gari husika kikitoa agizo kali zaidi ya haya, fuata kitabu.

Unashughulika na volti ngapi

Betri ya Prius ya toleo la pili na la tatu ni volti 201.6: moduli 28 za volti 7.2 zilizounganishwa mfululizo. Inveta, kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, inazipandisha mpaka 500 kwenye toleo la pili na 650 kwenye la tatu. Aqua ina betri ya volti 144, inayopandishwa mpaka 520. Harrier haibridi ya kwanza ina 288, inayopandishwa mpaka 650. Nissan Leaf haina injini kabisa. Betri yake ni ya takriban volti 360, na ikijaa inakaribia 400.

Mpaka wa hatari kwa umeme wa DC huhesabiwa kuwa volti 60. Fanya hesabu ndogo: mwili uliolowa jasho au mvua unaweza kuwa na ukinzani wa ohm 1,000 hivi. Volti 200 gawanya kwa 1,000 unapata ampea 0.2. Kiasi hicho kikipita kifuani kinatosha kuvuruga mapigo ya moyo, na misuli ya mkono inakaza usiweze kuachia.

Kuna jambo moja linalowadanganya hata mafundi wazuri wa umeme wa majumbani. Nyumbani waya wa nyutro umefungwa ardhini, kwa hiyo ukigusa waya wa moto peke yake unanaswa. Kwenye gari, chanya na hasi za betri kubwa zote mbili zimetengwa na bodi. Ukigusa waya mmoja huku umeegemea bodi, na insulesheni ni nzima, husikii kitu. Fundi anagusa, hakuna kilichotokea, anaamini gari halina umeme. Siku waya wa upande wa pili umechubuka na kugusa bodi, bodi nzima imekuwa nguzo moja ya betri, na mkono wake unakamilisha njia. Kompyuta ya gari huhisi mchubuko huo na kuandika kodi ya hitilafu P0AA6. Ukiikuta kodi hiyo, chukulia kuwa bodi yenyewe ina umeme mpaka uthibitishe vinginevyo.

Glovu na mita

Vifaa vingine unaweza kuvipata kidogokidogo, lakini hivi viwili usianze kazi bila kuwa navyo.

Glovu ni za mpira za daraja la 0, zenye maandishi ya 1000 V. Za daraja la 00 zinaishia volti 500 za AC au 750 za DC. Kwa inveta inayofika 650 nafasi inayobaki ni ndogo, chukua za 0. Juu yake vaa glovu nyembamba za ngozi, kwa sababu ncha ya waya au ukingo wa bati unaweza kutoboa mpira tundu lisiloonekana kwa macho. Glovu za kuoshea vyombo si glovu za umeme, hata zikiwa nene namna gani.

Kila unapotaka kuzivaa, zipime kwa hewa. Shika glovu kwenye mdomo wake, ikunje kwa haraka kuelekea vidoleni mpaka vidole vivimbe, ibane, kisha iweke karibu na shavu. Hewa inayotoka utaihisi kwenye ngozi kabla hujaisikia. Tazama hasa katikati ya kidole gumba na cha shahada, ndipo mpira unapochoka mapema. Yenye tundu ikate vipande papo hapo, kwa sababu ukiitupa nzima kijana mwingine ataiokota. Glovu za umeme hutakiwa kupimwa upya kwenye maabara kila baada ya miezi 6. Kama huna pa kuzipeleka, andika tarehe kwa kalamu ya wino siku ulipoanza kuzitumia, na miezi 6 ikiisha nunua nyingine. Zihifadhi ndani ya mfuko, zikiwa zimenyooka, mbali na grisi, petroli na jua. Mafuta ya injini yanaulainisha mpira na kuuharibu.

Mita iwe na maandishi ya CAT III 1000 V (CAT ni daraja la usalama wa mita), na nyaya zake ziwe na maandishi hayohayo. Mita nyepesi za bei ya chini hazihimili volti zikipanda ghafla. Zinaweza kupasuka mkononi. Kwa wenzetu wa Makete na vijiji vya Kitulo: kiwango hicho cha CAT kwa kawaida kinatolewa kwa mwinuko usiozidi mita 2,000, maana hewa nyepesi ya juu inazuia umeme kwa shida zaidi. Mjini Mbeya na Iringa mko chini ya hapo. Huko juu, soma karatasi ya mita kabla ya kuitumia.

Ongeza kinga ya uso, mkeka wa mpira wa kusimamia, na spana na bisibisi zenye mpini uliofunikwa wenye alama ya 1000 V. Kuzungushia spana ya kawaida utepe wa umeme ni bora kuliko kuiacha wazi, lakini hakuifanyi iwe spana ya umeme.

Mtu wa pili

Usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu anayekuona, asiyeshika kitu, anayejua la kufanya. Mpe mti mkavu wenye urefu wa mita moja na nusu au mbili, au ndoano maalumu ya kuokolea kama mnayo, uwekwe wima karibu na gari. Mwambie wazi kabla ya kuanza: "Dogo, nikikaza usinishike kwa mkono. Nisukume kwa mti niachie, halafu uite watu."

Aliyenaswa akishatengana na umeme, na kama hapumui, abonyezwe katikati ya kifua kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kiingie sentimita 5 hadi 6. Anayejua kupuliza ampulizie mara 2 baada ya kila mibonyezo 30. Hata akisimama na kusema yuko salama, apelekwe hospitali moyo upimwe. Mapigo yanaweza kuvurugika baadaye.

Namba ya Zimamoto ni 114, iandikwe ukutani. Betri ya lithiamu ya Leaf ikishika moto, mtungi wa unga hauupozi moto ulio ndani ya seli. Unahitaji maji mengi sana, na unaweza kuwaka tena baada ya kuonekana umezimika. Moshi wake ni sumu. Watoe watu, simameni upande upepo unakotoka, waachieni wenye kazi yao.

Kuondoa umeme, hatua kwa hatua

1. Tafuta pakavu. Gereji zetu nyingi ni uwanja wazi wenye mparachichi pembeni, na kuanzia Novemba mpaka Mei mvua haipigi hodi. Gari lililotoka mvuani likaushwe kwanza. Zungushia kamba, weka kibao kinachosomeka kwa mbali. Mwenye gari na watoto wabaki nje ya kamba.

2. Vua pete, saa, cheni, mkanda wenye buko la chuma. Toa simu na bisibisi kwenye mfuko wa shati. Kitu cha chuma kikiangukia kati ya nguzo mbili za betri huyeyuka kwa cheche, na kilicho kidoleni huyeyukia kidoleni.

3. Weka P, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu. Soma kodi za hitilafu sasa, ziandike, kwa sababu baadhi hupotea ukikata umeme. Ukikuta P0AA1 au P0AA4, rilei kubwa mojawapo imeganda ikiwa imefunga; nyaya za chungwa zinaweza kuwa na umeme hata gari likizimwa. Kisha zima, na hakikisha neno READY (gari liko tayari kuondoka) limetoweka kwenye dashibodi. Gari lenye READY linaweza kuwasha injini lenyewe wakati wowote, mkono wako ukiwa kwenye mkanda wa injini.

4. Fungua mlango wa nyuma na uuache wazi. Kwenye Prius mlango huo unafunguka kwa umeme wa betri ndogo, na betri ndogo yenyewe iko nyuma. Ukikata umeme kisha mlango ukafungwa na upepo, itabidi utambae ndani kupitia viti.

5. Ufunguo wa kielektroniki upelekwe angalau mita 5 kutoka kwenye gari. Mfukoni mwako hapafai, na juu ya boneti hapafai.

6. Fungua hasi ya betri ndogo ya volti 12 kwa spana namba 10. Izungushie utepe isirudi kugusa. Bila volti 12 rilei kubwa haziwezi kujifunga.

7. Vaa glovu, sasa, na zisitoke mpaka hatua ya 9 iishe. Tafuta plagi ya sevisi, ile inayoikata betri kubwa katikati, yenye mpini wa rangi ya chungwa. Kwenye Prius iko nyuma kwenye buti, kwenye betri yenyewe. Kwenye Aqua betri iko chini ya kiti cha nyuma. Kwenye Leaf plagi iko sakafuni, chini ya zulia na kifuniko. Mpini wake hautoki kwa kuvutwa tu: usogeze, ulaze, kisha vuta moja kwa moja bila kuuyumbisha. Plagi hiyo itie mfukoni mwako. Tundu lililobaki lifunike kwa utepe wa umeme. Kuanzia hapa mtu yeyote asiwashe gari. Kuliwasha plagi ikiwa nje kunaweza kuharibu kompyuta ya haibridi.

8. Subiri dakika 10 kwa saa. Ndani ya inveta kuna kapasita zilizobeba umeme ule uliopandishwa, na zinamwagwa polepole kupitia rizista. Usizimwage kwa kugusisha bisibisi. Cheche yake inarusha vipande vya chuma vyenye moto, na inaweza kuua inveta nzima.

9. Pima. Hatua hii ndiyo inayoamua, kwa hiyo soma kwa makini.

Kosa baya kuliko yote ni sifuri ya uongo. Mita ikiwa kwenye alama ya V yenye wimbi, yaani AC, ukipima umeme wa DC mita nyingi zinaonyesha sifuri au karibu na sifuri, hata kukiwa na volti 200 chini ya ncha zake. Waya wa mita uliokatika ndani unaonyesha sifuri. Ncha iliyogusa rangi badala ya shaba inaonyesha sifuri. Namba hiyohiyo moja, sababu nne tofauti, na ni moja tu kati ya hizo inayomaanisha uko salama.

Kwa hiyo pima mara tatu. Weka mita kwenye V yenye mstari mnyoofu. Hakikisha waya mwekundu haumo kwenye tundu la ampea. Ukiwa humo mita inageuka kuwa waya wa kuunganisha chanya na hasi. Pima kwanza betri ya volti 12 ya gari jingine: ionyeshe 12 na kitu. Fungua kifuniko cha inveta, pima chanya na hasi zinazotoka betri kubwa, kisha chanya kwa bodi, kisha hasi kwa bodi. Zote ziwe 0. Halafu rudi kwenye ile betri ya volti 12 na upime tena. Ikionyesha 12 na kitu mara ya pili, sifuri uliyoipata katikati ni ya kweli.

Ukikuta volti 80 au 150 baada ya dakika 10, usivue chochote. Subiri dakika 5, pima tena. Zikishuka, kapasita bado zinajimwaga. Zisiposhuka, ama plagi ya sevisi haikutoka sawasawa, ama rizista ya kumwagia imekufa. Funika, weka kamba, mtafute mwenye uzoefu zaidi. Mteja akisikitika mwambie tu, "Mzee, gari hili silifungui leo, lina umeme usiotaka kutoka."

Glovu zitoke baada ya sifuri ya kweli.

Plagi imetoka, lakini betri haijazimika

Plagi ya sevisi inaikata betri katikati, haiimalizi nguvu. Kila kipande kinabaki na volti zake. Kwa hiyo ukifungua boksi la betri, glovu zinarudi mikononi na zinabaki humo.

Kwenye Prius, kazi ya kwanza ndani ya boksi ni kuigawa betri iwe vipande vidogo. Moduli moja iliyojaa inafika karibu volti 8. Moduli 7 ni kama volti 56, chini ya ule mpaka wa 60. Moduli 8 zinavuka. Hivyo ondoa kipande cha shaba kila baada ya moduli 7, na betri yote ya 28 inakuwa makundi manne unayoweza kuyashughulikia. Funika kila kundi kwa mpira au plastiki kavu wakati hulishughulikii. Nati ni za soketi ya mm 8. Zungushia utepe kiungio chote cha soketi, acha mdomo tu.

Vipande vya shaba vyenye kutu ya kijani au nyeusi vinaongeza joto, visafishe vikiwa nje ya boksi. Unaporudisha, nati zikazwe kwa nyuton-mita 5.4, kwa spana ya kipimo. Ukikaza kwa mkono wa kuzoea nati za injini, utang'oa nguzo ya moduli, na moduli imekwisha. Usichaji moduli zilizotolewa kwenye fremu yake. Bila vibao vya kuzibana zinavimba na hazirudi. Maji yaliyomo ni ya alkali kali: yakikurukia jichoni, safisha kwa maji yanayotiririka dakika 20, halafu hospitali.

Ukiwa huko nyuma, safisha na feni ya betri. Vumbi la kiangazi la barabara zetu linaziba njia ya hewa kando ya kiti cha nyuma, betri inapata joto, na mteja anarudi na kodi P0A80, ya betri kubwa iliyochoka.

Umeme unaovuja

Kodi P0AA6 haitafutwi kwa mita ya kawaida, kwa sababu mita hiyo inapima ukinzani kwa volti chache tu. Tumia mega, yaani kipimo cha insulesheni, ya volti 500, kwenye kifaa kilichochomolewa peke yake, baada ya sifuri ya kweli. Usiipige kwenye waya uliounganishwa bado na kompyuta au betri. Kiwango kinachotumika ni angalau ohm 500 kwa kila volti, yaani kilo-ohm 100 kwa mfumo wa volti 200. Kompresa au mota nzima kwa kawaida inatoa megaohm na zaidi.

Anza na kompresa ya kiyoyozi. Inazungushwa na umeme wa betri kubwa, na mafuta yake yanaogelea pamoja na nyaya za mota. Kompresa ya Prius inataka mafuta ya ND-OIL 11. Fundi wa gesi akiongeza mafuta ya kawaida ya PAG, au akitumia mipira yenye mabaki yake, insulesheni inashuka na gari linakataa kuwaka. Weka mipira ya gesi ya haibridi peke yake, iwe na alama.

Baada ya hapo tazama maji. Kuosha injini kwa pampu ya presha kunasukuma maji kwenye plagi za inveta. Raba ya mlango wa nyuma iliyochakaa inaingiza mvua kwenye boksi la betri. Inua zulia, gusa kwa kitambaa kikavu.

Gurudumu nalo linazalisha

Mota ya gari hili ina sumaku za kudumu. Gurudumu la mbele likizunguka, mota inazalisha umeme hata kama betri imetolewa. Kwa hiyo nyaya za mota zikiwa wazi, asiwepo wa kulisukuma gari wala kuzungusha gurudumu lililo juu ya jeki. Kwa sababu hiyohiyo, Prius iliyozimika kwenye mlima wa Kitonga haivutwi kwa kamba mpaka Iringa. Inuliwe magurudumu ya mbele au ipakiwe juu ya lori.

Kufunga

Hesabu nati na bisibisi zako kabla ya kufunika inveta. Boliti moja iliyobaki ndani inasubiri siku ya kuwashwa. Rudisha nyaya za chungwa, kila moja ikae mpaka isikike imefunga. Vaa glovu, rudisha plagi ya sevisi kutoka mfukoni: iingize, inua mpini, kisha usogeze mpaka mwisho. Hatua hiyo ya mwisho ya kusogeza ndiyo inayosahaulika. Plagi inaonekana imekaa, lakini swichi ndogo iliyo ndani yake haijagusa, na gari linakataa READY likiandika P0A0D. Kabla hujaanza kushuku inveta, rudi nyuma ukausukume ule mpini. Hasi ya volti 12 iwe ya mwisho kabisa. Watu watoke kwenye gari, kamba ibaki, ndipo uwashe.